Dokumentari uwanjani: nani aione kwanza?

Ni nadra siku hizi kukuta tamasha la filamu Afrika Mashariki lisilojinadi kwa maonyesho ya wazi: skrini uwanjani, hakuna kiingilio, kila mtu anakaribishwa. ZIFF, tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar lililoanzishwa 1997 na kufanyika mara ya kwanza mwaka uliofuata, limejenga sehemu ya jina lake hapo. Mbali na maonyesho ya usiku Ngome Kongwe, skrini zake zimepelekwa hadi mashamba, yaani vijijini, Unguja na Pemba. Jambo hili husifiwa tu, halijadiliwi. Kwa filamu za kuigiza mimi pia nasifu. Lakini kwenye dokumentari anayeonekana ni mtu mwenye jina lake, mtaa wake na majirani wanaomjua, na hapo sifa peke yake hazitoshi.

Wanaotetea uwanja wana hoja nzito. Kwanza, kumbi zenyewe ziko wapi? Mji Mkongwe ulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique. Zote ziliacha zamani kuwa sinema za kila siku. Nairobi na Dar es Salaam, nyingi ya zilizopo zimo ndani ya maduka makubwa, na anayetoka Dandora au Tandale akijumlisha nauli, tiketi na soda, hela ya chakula cha nyumbani imekwisha. Tukisema dokumentari ibaki ukumbini, tunasema maisha ya mvuvi yatazamwe na wenye magari, na balozi mmoja wawili.

Hoja ya pili naipenda zaidi. Uwanjani watu hawanyamazi. Ukumbini mtazamaji husubiri mwisho, hupewa maikrofoni, huanza kwa kumpongeza mwongozaji. Uwanjani anajibu papo hapo: "Mwongo huyo!" "Hapo si kwetu hapo!" Filamu inahojiwa huku inaendelea. Kwa kazi inayodai kusema kweli, sijui kipimo kikali kuliko hicho.

Ila uwanja huu una historia yake, na si yote ya kujivunia. Kati ya 1935 na 1937, kutoka Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Lori lilizunguka na projekta, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri, wanakijiji wakifundishwa kujikinga na safura na kuweka akiba posta. Mmoja anajua, wengine wote ni wanafunzi. Dokumentari nyingi za miradi ya maendeleo zimerithi sauti ileile. Kilichoongezeka ni rangi na picha za droni. Kuipeleka filamu ya namna hiyo kijijini bure si kumpa mwananchi sinema. Ni kumwongezea semina.

Na tuangalie onyesho lenyewe linavyokwenda. Skrini haionekani mpaka giza liingie, na kwa Zanzibar waandaaji wenye busara husubiri isha ipite. Watoto wameshafika tangu saa kumi na moja, gari la spika lilipopita. Wamekaa mbele kabisa, mchangani. Wazee wako nyuma kwenye viti vya plastiki, wanawake pembeni, vijana juu ya pikipiki zao. Saa mbili unusu ndipo inapoanza filamu ya dakika tisini kuhusu mihadarati au migogoro ya ardhi, na safu zote za mbele ni watoto wa darasa la pili. Ikifika saa tatu unusu wengi wamelala na mama zao wamewabeba kurudi nyumbani. Ule mjadala wa jamii unaoandikwa kwenye ripoti unabaki wa sheha (kiongozi wa serikali wa eneo), vijana wachache na mtu wa jenereta. Picha anayotumiwa mfadhili ni ile ya saa mbili unusu.

Kisha kuna lugha. Filamu nyingi za matamasha huja na maandishi ya chini ya Kiingereza. Hata yakiwa ya Kiswahili, nani atayasoma gizani kwa kasi ile akiwa mita ishirini kutoka kwenye skrini? Vibanda vya video vilishalitatua hili miaka mingi bila warsha yoyote: Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, wakisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu za nje. Najua pingamizi lake. Msimulizi wa kibandani hutia chumvi, na ushahidi wa mjane aliyenyang'anywa shamba si wa kutiwa chumvi. Basi apewe filamu mapema, aizoee, akae na mwongozaji siku nzima. Bado ni bora kuliko umati unaotazama midomo ikicheza.

Swali gumu zaidi ni la waliopigwa picha. "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, kuhusu biashara ya sangara Mwanza, ilionyeshwa Venice 2004 na ikateuliwa kuwania Oscar 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Ukiwa upande wa Sauper au wa serikali, jambo moja halibadiliki: sifa zilishagawiwa Ulaya kabla mji wenyewe haujawa na nafasi ya kusema "hapa ni kweli, hapa umetusingizia". Waliokerwa walibaki kubishana na filamu iliyokwishavikwa taji. Kwa mfano huu, anayetaka onyesho Mwanza kwanza ana haki.

Lakini geuza upande. "The Letter" ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka 2019, inamfuata kijana anayerudi kwao pwani ya Kenya baada ya bibi yake kuitwa mchawi. Kilifi tuhuma kama hiyo imeshawamaliza wazee wengi. Mtu anaweza kukubali kamera akifikiria watazamaji wa Amsterdam, asifikirie kwamba anayemtuhumu atakaa kiti cha tatu uwanjani. Idhini ya kupigwa picha si idhini ya kuonyeshwa mbele ya jirani, na fomu nyingi za idhini hazitofautishi hayo mawili.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi: mwenye maisha yake aione filamu sebuleni kwake, pamoja na watu wake, na awe na haki ya kusema isionyeshwe kijijini hapa. Haki hiyo isimfikie waziri, mkurugenzi wala mwenye kiwanda. Mwenye mamlaka akionekana vibaya, hiyo ndiyo kazi ya dokumentari.

Wenye mamlaka, kwa vyovyote, wana mlango wao. Tanzania ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, Kenya ina bodi yake ya uainishaji, na onyesho la hadhara bila kibali ni kosa. Septemba 2021 bodi ya Kenya ilipiga marufuku "I Am Samuel", filamu iliyokwisha kuonekana kwenye matamasha ya nje. Uwanja ni rahisi kufungwa kuliko ukumbi, kwa kuwa kila mtu anauona.

Mathare, Nairobi, Slum-TV walianza 2006 kwa njia tofauti kabisa: vijana wa mtaa wanapiga picha za mtaa wao, kisha wanaonyesha mtaani humohumo. Filamu fupi, lugha ya pale pale, na mpiga picha kesho asubuhi anakutana na aliyempiga picha kwenye foleni ya maji. Tamasha linalotaka kwenda shamba lingeanza na kazi za namna hiyo, mbili kwa usiku badala ya sita, za watoto zikitangulia na zile nzito zikifuata wakishapelekwa kulala. Ripoti itakuwa na umati mdogo, na mfadhili atauliza kwa nini.