Feni Si Inazunguka, Bosi?

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina mafundi wangapi, fungua boneti pembeni ya Barabara ya Mandela. Huna haja ya kuita mtu. Muuza maji atasimama, bodaboda atasimama na abiria wake nyuma, msukuma mkokoteni ataegesha mkokoteni, na wote watainama kuchungulia injini, mikono mgongoni, kimya. Halafu mmoja atatikisa kichwa na kusema: "Hedi hiyo."

Gari langu haliumwi hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini! Nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini aina ya 3L, pikapu ya kubeba lolote atakalosema mteja: ndizi za Mabibo, mabati, makochi ya mtu anayehama usiku kwa sababu zake na mwenye nyumba. Barabara ikiwa nyeupe, mshale wa joto unatulia katikati. Naweza kutoka Kibaha hadi Chalinze na mzigo juu, gari halina habari. Lakini liingize kwenye foleni. Buguruni, Tazara, popote pale ambapo magari yanasogea hatua moja na kusimama dakika kumi, basi mshale unaanza kupanda, na mimi presha inapanda nao.

Nikalipeleka kwa fundi. Akatoa themostati, ile inayozuia maji ya injini yasiende kupozwa kabla injini haijapata moto. Hakuuliza kitu, hakupima kitu, akaitoa akaitupa. Sijui nani aliwaambia mafundi wetu kwamba Wajapani waliweka kile kidude pale kwa bahati mbaya. "Hizi ni za nchi za baridi, bosi, huku kwetu hazina kazi." Sawa. Matokeo yake asubuhi injini inachelewa kupata moto, dizeli inanyweka, na ikifika saa kumi na moja jioni pale Tazara linachemsha vilevile.

Nikaenda kwa mwingine. Huyu akasema rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, imeziba. Ikashushwa, ikafumuliwa, ikapitishwa vyuma, ikachomelewa, ikarudishwa. Linachemsha. Wa tatu akabadilisha wota pampu, ile inayosukuma maji. Linachemsha. Jirani yangu, ambaye hana gari wala baiskeli, akanishauri nimwage manjano ndani ya rejeta, ile ya jikoni, eti inaziba matundu. Nikamwambia rejeta yangu haivuji. Akasema niweke tu, haidhuru.

Na wote hawa, kila mmoja kwa wakati wake, niliwauliza swali moja: na feni je? Na wote, utadhani walisoma darasa moja, walinijibu: "Feni si inazunguka, bosi?"

Inazunguka. Ndiyo. Naiona.

Basi siku hiyo mama mkwe akaja kutoka Iringa. Nikaenda kumpokea Mbezi, stendi ya Magufuli. Mwezi wa pili huo, na mnalijua joto la Dar mwezi wa pili. Mama kashuka na sweta lake la safarini, gunia la viazi, ndoo ya nyanya, na jogoo mmoja ambaye mama alikataa katakata asiwekwe nyuma. "Atapata upepo huyu." Jogoo akakaa mapajani mwa mama, tukaondoka.

Tulipopita Kimara foleni ikashika. Mabasi ya mwendokasi yanapita upande wao, abiria wanatutazama kwa huruma. Mshale ukaanza safari. Sasa kuna mbinu moja ya madereva wa magari yanayochemsha, na mbinu hiyo inafanya kazi kweli: unawasha hita, unaiweka mwisho kabisa. Hita ni rejeta nyingine ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, inachota joto la maji ya injini na kulimwaga ndani ya kabini. Injini inapumua. Walioko ndani ndio wanaobeba msalaba.

Nikashusha vioo, nikawasha hita.

Mama hakusema kitu mwanzoni. Heshima. Na mimi siwezi kufungua hata kifungo kimoja cha shati mbele ya mama mkwe, heshima pia. Tukakaa hivyo, watu wawili wanaoheshimiana, jasho linashuka hadi kwenye soksi. Jogoo ndiye hakuwa na mkwe humo ndani. Alifungua mdomo, akatanua mbawa, akaanza kuhema kwa sauti.

"Baba Neema."

"Naam, mama."

"Hii mashine ya joto umeniwashia mimi? Maana nimevaa sweta kwa ajili ya basi tu."

"Hapana mama. Tunaliokoa gari."

Akafikiri kidogo. "Na sisi?"

Sikuwa na jibu. Alipofika nyumbani alimwambia mwanawe, nami nikiwa nasikia, kwamba mwanamume akikuchoka haanzi na maneno.

Ndipo nikatafuta mzee mmoja wa Tabata, ana gereji chini ya mwarobaini, hana bango, na wateja anawafukuza. Nilifika gari likiwa limetoka kwenye foleni, la moto. Mzee akasema zima. Kabla hata hajaniuliza jina akapeleka mkono kwenye panga la feni, akalisukuma kwa kidole kimoja. Feni ikazunguka. Ikazunguka. Mzee akakunja mikono kifuani, akanitazama. Bado inazunguka.

"Injini ikiwa ya moto hivi, feni ikisukumwa inatakiwa igome," akasema. "Hii inacheza kwaya."

Akapitisha kidole katikati ya feni, kwenye kile kidubwasha cha duara chenye mapezi ambacho mafundi watatu walikitazama wakadhani ni urembo. Kidole kikarudi na tope jeusi la vumbi na mafuta. Ukitazama vizuri, mistari ya oili ilikuwa imetawanyika kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kisha akashika panga moja la feni akalivuta mbele na nyuma, likacheza. "Klachi ya feni imekufa. Oili imetoka kitambo, na beringi nayo inaaga."

Mimi kuendesha miaka yote hii sikuwahi kuambiwa kwamba feni ina klachi. Kumbe injini haiishiki feni moja kwa moja. Katikati yao kuna oili nzito ya silikoni. Mbele ya klachi kuna kaspringi bapa kamejiviringisha. Kanapigwa na hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa ya moto, kaspringi kanajipinda, kanafungua kijitundu, oili inaingia mahali pake, na feni inakamatwa inavuta upepo kweli kweli. Injini ikipoa, oili inarudi, feni inalegea, isile nguvu na dizeli bure. Oili ikivuja, feni inabaki kuzungushwazungushwa kidogo tu na msuguano. Ukiwa mwendo wa themanini huoni shida, maana upepo wa barabarani unafanya kazi yote. Ukisimama, upepo hakuna, na feni haipo.

Yaani ni yule mtumishi aliyetundika koti kwenye kiti. Unapita dirishani unaona koti, unasema yupo. Miezi yote hiyo nimekuwa nikilipa mshahara koti.

Kijana wa mzee, yule wa kushika tochi, akatoa wazo: "Mzee, si tuichomelee tu ikamate moja kwa moja?" Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Akamwambia ukiichomelea, feni itazunguka kasi ya injini saa zote, baridi na joto, italia, itakula dizeli, itachosha beringi ya wota pampu, na siku panga la plastiki likikatika litaingia kwenye rejeta ambayo huyu bosi keshaifumua mara moja. Kijana akarudi kwenye tochi.

Nikauliza kama haiwezi kujazwa oili. Inaweza. Toyota wenyewe wanauza oili hiyo ya silikoni kwenye vityubu vya mililita 18. Lakini beringi ikishacheza, oili ni kumpaka marehemu losheni. Nenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, kanunue.

Gerezani! Duka la kwanza kijana akanitolea klachi inayong'aa, imeoshwa na petroli hadi inanukia. "Yuzdi ya Japani hii, kontena la juzi." Yuzdi, yaani mtumba. Nikageuza mbele. Kuzunguka kaspringi, mistari ileile ya oili.

"Hii inavuja."

"Haivuji, bro. Ni jasho."

Jasho! Nikamrudishia. Duka la pili wana mpya, zimo kwenye maboksi, zimelazwa moja juu ya nyingine hadi darini, na mzee alishanionya kwamba klachi hailazwi, inasimamishwa jinsi inavyokaa kwenye gari, isije oili ikahama na kuvuja. Nikauliza hii ni orijino? Muuzaji akaapa. Nikauliza orijino ya wapi? "Orijino ya Mchina." Nikamuuliza nikiirudisha itakuwaje, akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka la tatu nikapata iliyonishawishi, nzito mkononi, ukiisukuma inakataa, na bei yake nayo nilitamani ikatae. Tulibishana mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka aniongezee na nauli. Nikasema ndiyo. Hakuniongezea.

Nikairudisha kwa daladala, nimeipakata wima. Konda akauliza kama mzigo huo unalipiwa. Abiria wa pembeni akaniambia nimlaze chini asichoke. Nikasema hapana, daktari kakataza.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya muda mfupi, na hilo ndilo linalouma. Mzee aliteremsha kipande cha boksi kati ya feni na rejeta, feni isikwaruze mapezi ya rejeta. Akalegeza nati nne za kwenye wota pampu kwanza, wakati mkanda bado umekaza, maana ukilegeza mkanda mapema, puli inazunguka na spana na wewe unazunguka nazo. Feni ikatoka na klachi yake. Akahamishia mapanga kwenye klachi mpya, akayatazama kama yana ufa, akarudisha. Kisha akasimama. "Kava lako liko wapi?"

Kava gani tena?

Kumbe feni huzungukwa na kava la plastiki, linaloilazimisha ivute hewa kupitia rejeta nzima badala ya kujizungushia hewa ileile ya injini. Langu halikuwepo. Yule fundi wa kufumua rejeta alilitoa kwa sababu lilikuwa linambana mkono. Nikarudi kwake. Nikalikuta uani, limesimamishwa kuzunguka mche wa mpapai, mbuzi wasiule. Na mpapai umestawi! Nikalichomoa. Fundi akatoka ananidai hela ya kununua senyenge, eti nimeuacha mti wake uchi. Tumegombana pale mbele ya mbuzi, na mbuzi ndiye alikuwa upande wangu.

Kava likafungwa, themostati mpya ikarudishwa mahali Wajapani walipoiweka, kulanti ikajazwa badala ya maji ya bomba. Jioni nikaenda kutafuta foleni kwa makusudi, mimi peke yangu Dar nzima. Nikakaa Tazara. Mshale ukapanda kidogo, nikasikia feni mbele inabadilisha sauti, inavuta, mshale ukarudi katikati. Ukakaa. Dereva wa daladala pembeni yangu alikuwa anatukana taa; mimi nacheka peke yangu.

Usidhani nimepumzika. Sasa kila asubuhi nikiwasha gari, feni inanguruma kwa muda mfupi mpaka oili ijipange, halafu inatulia. Mzee kasema ndivyo zilivyo. Jirani wa manjano anasema nimeharibu gari, limekuwa trekta, na kwamba angekuwa yeye angeweka feni ya umeme. Mama mkwe karudi Iringa kwa basi. Nilijitolea kumpeleka stendi, akasema atachukua bajaji, ina upepo.

Klachi ya zamani niliichukua. Yule kijana wa tochi aliniuliza mara nyingi mno kama ninaihitaji, hadi nikaihitaji. Ipo chini ya kitanda. Juzi kanipigia:

"Bosi, ile klachi yako ya zamani bado unayo? Kuna mteja ana Hilux kama yako."

Nikamtajia bei.

"Ah, bosi! Si imekufa ile?"

Nikamwambia hiyo ni yuzdi ya Japani, ilikuja na gari. Na mali ikishauzwa hairudishwi.