Dishi Linalogoma Kila Jumamosi

Kwa miezi miwili sasa dishi langu limekuwa na tabia ambayo sijaisikia kwa dishi la mtu mwingine yeyote hapa Mbagala: kuanzia Jumapili hadi Ijumaa linafanya kazi kama mtumishi mwadilifu, lakini ikifika saa nne asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo mechi zimepangana kama foleni, televisheni huandika kwamba hakuna mawimbi, na picha hairudi hadi magharibi, wakati kifurushi nilichokilipia kimebaki na vipindi vya mapishi.

Nilimwita fundi. Alinieleza kwa utaratibu kwamba king'amuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya uleule unaoteremsha picha, na kwamba maji yakiingia kwenye maungio umeme hupungua, baadhi ya chaneli zikapotea na nyingine zikabaki. Nilimwambia kwamba zangu hupotea zote kwa pamoja. Akatafakari, kisha akabadilisha waya. Jumamosi ya pili akabadilisha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Jumamosi ya tatu akaukazia macho mwembe wa jirani ulioko upande wa magharibi, linakotazama dishi letu, nami nikaenda kuomba ruhusa ya kukata matawi nikiwa na kilo mbili za sukari mkononi. Matawi yalipungua, sukari ilipungua, mawimbi yakabaki vilevile.

Jumamosi iliyopita niliamua kupanda ngazi mwenyewe. Niliweka alama ya kalamu kwenye bomba kabla ya kulegeza nati, maana mimi si mshamba kabisa. Mama Asha alikaa sebuleni kusoma mistari miwili ya kwenye televisheni, wa nguvu na wa ubora wa mawimbi, na Asha akasimama dirishani kunipitishia habari. Kasoro ya mpango huo ni kwamba king'amuzi huchelewa kidogo kuonyesha mabadiliko, na Asha naye ana ucheleweshaji wake, hivyo kila "hapo hapo, Baba!" iliponifikia, mimi nilikuwa nimekwisha kupapita. Setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Ukikosea digrii moja hapa uani, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600, na mimi nilikuwa nafanya kazi hiyo ya kupima mbingu huku mablanketi mabichi yakinichapa miguuni.

"Nguvu asilimia 90!" Asha alitangaza. Nikashangilia. "Ubora sifuri!" Hapo ndipo nilipotambua kwamba mstari wa nguvu upo kwa ajili ya kufariji wagonjwa, kwani LNB hata ikitazama paa la jirani inaweza kuujaza kwa kelele zake yenyewe, unaoleta picha ni ule wa ubora.

Nililirudisha dishi kwenye alama, nikakaza nati, nikabaki juu ya ngazi nikiwaza. Mama Asha, aliyechoshwa na zamu yake, akatoka kuanua. Alipoondoa blanketi la tatu, Asha akapiga kelele kwamba ubora umefika asilimia 70. Nikatazama chini. Kamba ya kuanikia, niliyoifunga mwenyewe kwenye bomba la dishi miezi miwili iliyopita ili kuokoa bei ya nguzo, ilikuwa imelegea, na bomba lilikuwa limesimama wima kama askari.

"Baba Asha, umegusa nini?" mke wangu aliuliza.

Nikamjibu kwamba nimerekebisha mambo ya ndani ambayo fundi hakuyaona, na kwamba, kwa usalama wa mitambo, mablanketi yawe yanafuliwa Jumatatu.