Tatizo si saa, ni sahani

Kila Ramadhani watu wa nyumbani Unguja huniuliza swali lilelile: "Huko mnafunga saa ngapi?" Ni kweli, Juni 2016 ilitutoa jasho hapa Leicester, Uingereza. Jua lilizama saa tatu na nusu usiku. Ukimaliza tarawehe, daku hiyo. Lakini Machi 2025 futari ya kwanza niliila saa kumi na mbili kasorobo, mapema kuliko mtaani kwetu Kikwajuni, Unguja. Na bado sikuiona Ramadhani.

Kwetu ikishasaliwa alasiri watoto hawana raha. Peleka hii kwa bibi, hii nyumba ya pili. Unatoka na muhogo wa nazi umefunikwa kawa, unarudi na kaimati au kipande cha mkate wa kumimina, maana sahani ya watu hairudishwi tupu. Huku niliwahi kumpelekea jirani, bibi wa Kiingereza, kaimati za moto. Kesho yake nikaikuta sahani mlangoni, imeoshwa inang'aa, na kikaratasi cha shukrani. Hakunikosea, ndivyo walivyolelewa. Lakini niliirudisha kabatini huku koo limenikaba.

Wala sisemi nyumbani ni peponi. Mwezi ukiandama tu, ndizi mbichi na viazi vinapanda bei, na mama zetu wako motoni tangu saa tisa huku wanaume barazani wanaulizana leo kumepikwa nini. Hilo silitamani hata kidogo.

Sikukuu ndiyo balaa. Likizo kazini huombwa wiki kadhaa kabla, na bosi anataka tarehe. "Jumapili au Jumatatu?" Nikamwambia inategemea mwezi. Akanitazama kama namfanyia mzaha. Nikachagua Jumapili. Jumapili ikafika, tarehe 30 Machi, siku ileile saa za Uingereza zinasogezwa mbele. Msikiti wa jirani wakasali Idi, sisi wa msikiti wetu tukakamilisha thelathini. Unguja nako watu hubishana mwezi, tena sana, ila ubishi wao haupitii kwa bosi.

Jumatatu, Idi yangu, nikaingia zamu ya kulea wazee. Mchana mtoto wa kaka yangu akanipigia video yuko Mnazi Mmoja, kanzu mpya tayari ina doa la aiskrimu.

"Shangazi, sikukuu yangu?"

Nikamtumia elfu kumi kwenye simu ya baba yake, nimejificha stoo ya mashuka.