Siombi Radhi kwa Wizi Nisioufanya

Tangu nituhumiwe kuiba skripti ya mwenzangu, ushauri ninaopewa zaidi hapa Mombasa ni mmoja: omba radhi, yaishe. Nimeupata kwa watu ninaowaheshimu, wengine wao ndio walionishika mkono nilipoanza kazi hii, na najua wananitakia heri. Sitaufuata. Naeleza sababu zangu hadharani kwa kuwa naona vijana wanaoandika filamu hapa Pwani wakisukumwa kukiri mambo wasiyoyatenda, ili tu watu wapumue.

Maneno yalianzia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa filamu. Mwandishi mmoja, ambaye simtaji na sitaki mtu amtafute, aliandika kwamba hadithi yangu nimeichota kwake. Hakuweka ukurasa hata mmoja. Kufikia magharibi kundi zima lilikuwa limeshaamua. Kuna aliyeandika "lisemwalo lipo", wengine wakampigia makofi, na kampuni iliyokuwa imekubali kuitengeneza filamu ikanitumia ujumbe kwamba tusimame kwanza. Katika wote hao, hakuna aliyekuwa amesoma skripti yoyote kati ya hizo mbili. Hilo limeniuma kuliko tuhuma yenyewe.

Skripti yangu inamhusu msichana wa Likoni aliyefiwa na baba. Arubaini haijafika, ami yake ameshapata mnunuzi wa nyumba. Msichana anakwenda kwa Kadhi kudai haki yake, na huko inabainika kwamba nyumba ni yao lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Skripti ya mwenzangu nayo ina msichana, ina kifo cha baba, ina nyumba, ina Kadhi, ina ardhi isiyo yao. Ukisomewa hivyo harakaharaka utasema, ah, hapa pana jambo.

Basi tulia kidogo tuangalie. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mwandishi anayetaka kusimulia ugomvi wa mirathi katika familia ya Kiislamu ya Mombasa atampeleka wapi mhusika wake? Na hiyo nyumba bila ardhi, ni nani aliyekulia Majengo asiyeijua? Kuta na paa ni zako, chini ni pa mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya kiwanja miaka nenda miaka rudi. Shina la mambo haya ni la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa mwambao wa Pwani wadai ardhi zao kwa maandishi, na wengi waliokuwa wakiikalia na kuilima wakajikuta hawana karatasi. Zaidi ya karne moja baadaye bado tunazikana na kugombana juu ya viwanja hivyohivyo. Waandishi wawili wa Mombasa wakikutana kwenye hadithi hiyo, cha ajabu ni kwamba hawajakutana kumi.

Wahenga wetu walilielewa hili vizuri. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa kuchomwa kitovuni na kitu cha shaba, kimesimuliwa na kuimbwa na watu wasiohesabika katika mwambao huu. Kisa ni cha wote. Mtu alipimwa kwa vina vyake, mizani yake, na kwa namna alivyokifikisha kile kifo masikioni mwa wasikilizaji.

Sheria nayo inasema karibu hivyohivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, hailindi wazo. Inalinda kazi iliyokwisha kuwekwa kwenye maandishi au kurekodiwa, na ambayo mtunzi ameitolea jasho la kutosha hata ikawa na sura yake yenyewe. "Binti anayedhulumiwa nyumba na ami yake" ni wazo, na halina mwenyewe. Mazungumzo, mpangilio wa sini (yaani vipande vya hadithi kwenye filamu), mhusika aliyechongwa mpaka ukamjua kwa mwendo wake, hivyo vina mwenyewe. Tena watu wawili wakiandika kila mmoja kivyake na kazi zao zikafanana, hapo hakuna mwizi. Anayedai ameibiwa lazima aonyeshe kwamba kazi yake ilinakiliwa, na kufanana peke yake hakutoshi kama mtuhumiwa hakuwahi hata kuiona.

Kwa hiyo niliomba jambo moja tu: nitumiwe hiyo skripti niliyoiiba. Nilipoipata nilichora jedwali, yangu kushoto, yake kulia, sini kwa sini. Kazi hiyo inachosha, lakini namshauri kila anayetuhumiwa aifanye, kwa sababu hakuna kinachomaliza kelele kama kurasa mbili zilizowekwa ubavuni. Chukua sini ya Kadhi, ambayo ndiyo iliyotajwa sana. Kwake, msichana anasimama na kutoa hotuba ndefu, watu wote wanalia, Kadhi anafuta miwani. Kwangu, msichana hasemi neno. Anayezungumza ni ami, na muda wote anaozungumza anaikunja na kuikunjua risiti ya kodi ya kiwanja, mpaka inachanika katikati mikononi mwake, na Kadhi anamwomba ampe vipande vyote viwili. Ile risiti nilianza nayo. Imo kwenye daftari langu la mwanzo kabisa, kabla hata msichana hajapata jina. Nikashuka hivyo mpaka mwisho wa jedwali. Kinachofanana ni mji na matatizo yake. Hakuna mstari wa mazungumzo unaokutana, na hata miisho haikutani: wake anashinda kesi, wangu anahama.

Jedwali hilo nilimpelekea mzee mmoja wa fani, mtu ninayemwamkia kwa mikono miwili. Alilisoma lote. Akasema, "Mwanangu, naona hukuiba. Lakini radhi haimpunguzii mtu kitu. Muombe, tunywe kahawa, mambo yaishe."

Nikamjibu, "Mzee wangu, nikiomba radhi nimekiri."

Akanyamaza, kisha akaniambia sisi watu wa siku hizi hatujui kusuluhishana. Nimelifikiria sana neno lake, kwa sababu suluhu ni jambo kubwa kwetu, na mimi sichezei. Jirani akikukasirikia kwa maji yaliyomwagika mlangoni, muombe radhi hata kama hukumwaga wewe, mshikane mikono. Mwandishi lakini hana mtaji mwingine zaidi ya kuaminika kwamba alichokiandika ni chake. Radhi hiyo ikishaandikwa kwenye simu hairudi. Itapigwa picha, itahifadhiwa, na siku nitakayopeleka skripti nyingine kwa kampuni nyingine, mtu ataitoa: huyu si ndiye yule? Wakili wa upande wa pili ataisoma kama ushahidi, na hatasoma kwamba niliiandika ili wazee wanywe kahawa. Pia ningekuwa nimemdanganya mwenzangu. Angeishi akiamini kwamba kweli aliibiwa, na chuki hiyo angeibeba bure.

Kwa maana naamini anaamini. Wengi wanaotuhumu kwa makosa hawasemi uongo kwa makusudi. Mwandishi amehangaika na skripti kwa miaka, ameipeleka kwa maprodyuza wasiomjibu hata "tumepokea", kisha anasikia filamu ya mtu mwingine yenye msichana na Kadhi inatengenezwa. Angefikiri nini? Wizi wa kazi upo katika fani hii na tunaujua. Kuna vijana waliotoa mawazo yao ofisini kwa watu, wakaambiwa hayafai, halafu wakayaona kwenye runinga. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na tuhuma za ovyo, kwa sababu kila mtu anapolia "mwizi" bila ukurasa, siku aliyeibiwa kweli akija na kurasa zake, watu wameshachoka kusikiliza.

Mfano ninaoukumbuka daima ni wa Marekani. Mwaka 2018 mtengenezaji filamu Charlie Kessler aliwashtaki ndugu wawili wa Duffer, waliobuni tamthilia ya Stranger Things, akidai kwamba aliwasimulia wazo lake kwenye hafla moja mwaka 2014. Kesi ilifika karibu kabisa na kusikizwa. Mei 2019 Kessler akaiondoa mwenyewe. Alisema nyaraka za 2010 na 2013 zinathibitisha kwamba ndugu hao waliibuni wenyewe, na kwamba sasa ni wazi kwake kuwa kazi yake haikuhusika na kuundwa kwa tamthilia ile, bila kujali aliyokuwa akiyaamini zamani. Karatasi za zamani zenye tarehe ndizo zilizowaokoa wale ndugu. Wangeomba radhi mapema kwa ajili ya amani, leo tungekuwa tunasema waliiba.

Ndiyo maana nawasisitizia wenzangu watunze rasimu zote, hata zile mbovu za kuaibisha. Jitumieni kila rasimu kwa barua pepe. Madaftari msiyatupe. Ukishatuhumiwa usifungue faili la zamani na kuanza kulirekebisha, maana tarehe zake zitabadilika. Nakili, weka la asili pembeni. Usifute ujumbe wowote, wako wala wao. Kusajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si lazima, kwani hakimiliki inakuja yenyewe kazi inapoandikwa, ila usajili unakupa tarehe ambayo mtu wa tatu anaweza kuithibitisha. Na ukiona umechafuliwa jina kiasi cha kwenda mahakamani, ujue sheria yetu inakupa miezi kumi na miwili tu ya kufungua kesi ya kashfa. Watu wengi hukaa wakisubiri busara za wazee mpaka mlango umefungwa. Hayo ni madai, si jinai. Mahakama Kuu ililiondoa kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, kwa hiyo mambo ya kutishiana polisi tuyaache.

Mimi kortini sitaki kwenda, na nimemwandikia mwenzangu hivyo, nikamwambatishia jedwali zima. Ninachotaka kwake si pesa. Nataka asome safu zote mbili, na akiridhika aandike palepale alipoandika mwanzo, mbele ya watu walewale, kwamba amesoma na hakuibiwa. Akiona kuna sini ninayopaswa kuijibu, aitaje kwa nambari, nami nitaijibu mbele ya hao hao.

Kwa makampuni nina ombi zito zaidi, kwa sababu ninyi ndio mnaosimamisha mikataba. Anayelalamika mpeni wiki moja alete kurasa. Akizileta, mpeni mtu asiyemjua yeyote kati yetu azisome. Asipozileta, kazi iendelee, na aliyetuhumiwa aambiwe kwa maandishi kwamba hana doa. Kampuni yangu bado haijanijibu. Jedwali wanalo.