Chupa Zilizotoka Stoo

Kikundi chetu cha usomaji hapa Tanga, ambacho wanachama wake wengi ni wastaafu na sisi wachache tuliobaki ni vijana wa kutumwa, kilikuwa kinajadili Quartet in Autumn, riwaya ya Barbara Pym iliyotoka mwaka 1977 na kufika katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Inahusu watu wanne wa London, Edwin, Norman, Letty na Marcia, walio katika ofisi moja, wanaokaribia kustaafu, na ambao jioni kila mmoja hurudi mahali pasipo na wa kumpokea. Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa Ngamiani, ni mjane anayeishi peke yake, kwa hiyo kila tulipofika kwenye upweke tuliongea kwa sauti za msibani.

Zamu ikawa ya Marcia, anayelimbikiza makopo ya chakula asiyoyala, na bandani kwake anatunza chupa tupu za maziwa zilizooshwa na kupangwa vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa benki alikuwa anatufafanulia, kidole juu, kwamba mrundikano wa chupa ni dalili ya mtu aliyetupwa na jamaa zake, ndipo Mwalimu aliponituma stoo nikalete glasi. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Nilipousukuma kwa bega, rafu ya nyuma yake iling'oka misumari, na chupa tupu, safi, zinazong'aa, zikabingirika koridoni moja baada ya nyingine hadi sebuleni, ambako ya kwanza ilienda kugota kwenye kiatu cha karani.

Karani alishusha kidole. Muuguzi mstaafu akamshika Mwalimu mkono, akamuuliza kwa upole kama usiku anapata usingizi na kama watoto wanampigia simu.

"Wananipigia mno," alijibu Mwalimu. "Siku nyingine naizima."

Muuguzi alitutazama kama aliyemsikia mgonjwa akikana ugonjwa. Palepale, mbele ya mwenyewe, tukaanza kupanga zamu za kumtembelea, na hakuna aliyekumbuka kwamba muda mfupi tu uliopita tulikuwa tumemcheka Janice, yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayemsumbua Marcia kwa ziara asizozitaka.

Tulikuwa tunagombea Jumatano iliposikika hodi. Wanawake watatu waliingia na ndoo za maembe mabichi, wakaziruka chupa bila kushangaa, wakamwamkia Mwalimu na kumuuliza kama chupa za oda ya kesho zinatosha. Kumbe ni za achari, na nyumba ile hujaa wamenyaji, waanikaji na wanunuzi kutwa, isipokuwa saa zile chache za kitabu.

"Ninyi ndio mapumziko yangu," alisema Mwalimu, "halafu mnataka kuniletea zamu?"

Hakuna aliyeondoka bila kununua, tena kwa bei kamili. Tulipokutana tena, karani alileta chupa tupu ya juisi kama zawadi ya kufidia zilizovunjika. Mwalimu aliigeuza, akakagua mdomo wake, akajaribu kizibo, kisha akamrudishia: "Hii si aina yetu, baba. Nenda nayo." Karani, ambaye alijua fika kwamba Marcia naye anamrudishia Letty chupa ya maziwa kwa kosa hilohilo, alifungua kinywa, akamtazama muuguzi, akakifunga, na kuagiza achari nyingine.