Watu Watano wa Kolo

Pale kijiweni Majengo, Dodoma mjini, kahawa ilikuwa imeshazunguka mara mbili kijana mmoja alipotoa simu na kutuonyesha mchoro. Watu watano wembamba kama njiti wamesimama kwa mstari. Wa katikati anaonekana ni mwanamke, na kila upande wapo wawili, kama wanagombania mikono yake. Vichwa vya baadhi yao ni vikubwa, havina macho wala mdomo.

"Wazee, hii ipo hapo Kolo, Kondoa. Ina miaka 29,000. Mtandaoni wanasema ni viumbe wa sayari nyingine. Hivi vichwa ni vya binadamu kweli?"

Dereva mmoja mstaafu akamjibu kwamba njia ya Kolo kaipita na lori tangu enzi za vumbi, na abiria wa namna hiyo hajawahi kumpakia. Tukacheka. Ila swali halikuondoka na kicheko.

Mchoro wenyewe ni wa kweli. Kolo ipo kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara ya Babati na Arusha, na miamba yake ni sehemu ya eneo la kilomita za mraba 2,336 lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Angalia pengo hilo: hata kuhesabu bado hatujamaliza. Tumezoea kusema "mapango", lakini mengi ni majabali yaliyoinama mbele kama upenu wa nyumba, na mchoraji alijibanza chini yake, mvua isimfikie.

Sasa hao viumbe wa sayari nyingine wametoka wapi? Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alizunguka Kondoa akinakili michoro mstari kwa mstari, na kazi hiyo akaja kuitoa kitabu mwaka 1983. Alipofika kwa watu hawa watano aliona tukio la utekaji: wenye vichwa vikubwa wamevaa vinyago, wanamchukua mwanamke, na wenzake wanamng'ang'ania. Kwa bahati mbaya, neno la Kiingereza alilolitumia, "abduction", ndilo hilo hilo linalotumika kwenye hadithi za watu kunyakuliwa na vyombo vya angani. Intaneti haikuwa na kazi kubwa baada ya hapo. Vinyago vikageuka helmeti, watekaji wakapewa chombo, safari ikaanza.

Hiyo miaka 29,000 nayo inahitaji kupigwa darubini. Rangi nyekundu ya Kolo inatokana na madini ya chuma, na madini hayo hayana kaboni ya kupimwa umri maabara. Kinachopimika vizuri ni kilichofukiwa ardhini chini ya mwamba. Kule Kisese, si mbali na Kolo, zimechimbwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000, na vipande vya udongo mwekundu pia. Kwa hiyo watu wa kujipamba walikuwepo zamani mno. Lakini udongo mwekundu shimoni hauthibitishi kwamba mkono uliousaga ndio uliochora ukuta uliopo juu yake leo. Anayekutajia umri wa mchoro wa Kolo kwa uhakika wa namba moja, awe mtandaoni au awe na kofia ya mtaalamu, muulize kapima nini.

Hata hivyo kijana kauliza jambo la maana, na hapa sikubaliani na wasomi wanaomcheka. Vichwa vile ni vya ajabu kweli, na wao wenyewe hawajakubaliana. David Lewis-Williams, mtaalamu wa michoro ya Wasani, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, alisema hakuna utekaji pale: ni ngoma ya uganga, watu wamepandisha na wanashikiliwa wasianguke. Ni tafsiri yenye nguvu. Kwa Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kudokoa ulimi, kama lugha za Wasani na ambao wanaishi jirani tu, Chemba na Kondoa, ipo ngoma ya simbo, na anayepandisha humo husemwa kageuka simba. Mtafiti Eric ten Raa aliandika juu ya hayo tangu miaka ya 1960 na 1970, na alikuta Wasandawe wanaoeleza kwa nini wazee wao walichora. Kuna waliosema ni kwa ajili ya uwindaji, wengine kwa ajili ya tambiko, na wengine kwamba mtu alijichorea tu. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, na ndiyo wasomi huiruka haraka.

Kinachonitatiza kwenye hoja ya ngoma ni kwamba ufunguo umechongwa kusini ukaja kujaribiwa kwenye kufuli la Kondoa. Unaingia, ndiyo, lakini je, unafungua milango yote? Mwaka 2018, kwenye pori la Swaga Swaga, ulionekana mwamba wa Amak'hee 4 wenye watu ambao vichwa vyao vinafanana na vya nyati. Vichwa visivyo vya kawaida, basi, si ajali ya Kolo peke yake. Ni desturi ya uchoraji iliyokuwa na mizizi huku huku. Kwangu mimi hilo linaipunguzia nguvu hadithi ya wageni wa angani kuliko hoja yoyote ya maabara. Mgeni wa siku moja haachi desturi.

Wapo watakaosema jibu waulizwe wenyeji, maana kwenye Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, mpaka leo watu hupanda na pombe ya mtama kuomba mvua au kutafuta uponyaji. Wahifadhi huumia wakiona pombe inarushwa kwenye mwamba wenye michoro, na wana haki ya kuumia. Mwenye tambiko naye ana haki ya kushangaa kuambiwa jabali la babu zake ni la kutazamwa tu. Ila tusijidanganye: wengi wanaoomba pale ni Warangi, wakulima na wafugaji, na michoro myekundu huhesabiwa kuwa ya wawindaji waliowatangulia. Heshima ya mahali imerithiwa. Maana ya picha yawezekana haikurithiwa. Mimi naegemea upande wa tambiko, kwa vile mahali panaposhika watu wa makabila mbalimbali kwa muda mrefu hivyo si pa mchezo, lakini nikibanwa niseme yule mwanamke wa katikati ni nani, sina la kusema.

Nilimwomba kijana simu nitazame vizuri. Mistari ilikuwa myeusi, juu ya karatasi nyeupe: si mwamba, ni nakala. Kwenye jabali lenyewe rangi ni ya kahawia nyekundu, imechujuka, na sehemu nyingine huoni kichwa kinaishia wapi na ufa wa jiwe unaanzia wapi. Aliyenakili alilazimika kuchagua. Nikamweleza hivyo. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akakitazama kile kichwa cha kulia, kisha akauliza nauli ya basi mpaka Kolo ni shilingi ngapi.