Kotesheni ya AC mpya: kabla ya kuuliza bei, uliza kama nyumba imepimwa

Mtu akishapewa kotesheni ya kubadilisha mfumo mzima wa kupoza na kupasha joto nyumbani, jicho linakimbilia chini kabisa kwenye jumla, afu anaipiga picha anawatumia watu, "jamani hii bei ni halali au napigwa?" Mimi nikiulizwa hivyo huwa nashindwa kujibu, sababu karatasi yenyewe ina mistari miwili tu, mashine moja na ufundi, basi. Bei hiyo inaweza kuwa ya haki kabisa na inaweza kuwa wizi wa mchana kweupe, hamna namna ya kujua. Kwangu mimi kotesheni ya hivyo inarudishwa kwa mwenyewe aiandike upya, hata kama jumla yake inavutia.

Cha kwanza ninachotaka kujua ni fundi alifanya nini alipokuja. Kama aliingia, akasoma kibandiko cha mashine ya zamani, akasema hii ni tani tatu tutakuwekea tani tatu, au mbaya zaidi "tukuongezee kidogo iwe na nguvu", hapo mimi tayari nina wasiwasi. Tani kwa mafundi siyo uzito, ni nguvu ya kupoza: tani moja ni BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, na hiyo namba inatakiwa itoke kwenye nyumba yako: ukubwa wa vyumba na urefu wa dari, madirisha yako mangapi na yanatazama wapi, jua la jioni linapiga ukuta upi, juu ya dari kuna insulesheni au hakuna kitu, mnaishi watu wangapi. Fundi cherehani hakati kitambaa bila futi shingoni, sasa huyu anakukatia mashine ya miaka kumi na kitu kwa macho tu!

Na watu wengi wanadhani mashine kubwa ni usalama. Hapana jamani. Ikiwa kubwa kupita mahitaji inapoza chumba chap chap inazima, baada ya muda mfupi inawaka tena, inazima, inawaka, na huko kuwaka na kuzima ndiko kunakochosha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, na kupandisha bili, alafu haipati muda wa kutosha wa kutoa unyevu hewani, kwahiyo unakaa kwenye baridi huku mwili unanata. Zile za inveta zina nafuu maana zinaweza kujipunguza kasi zenyewe, lakini nazo zina kiwango cha chini ambacho haziwezi kushuka zaidi, kwahiyo ukizidisha sana unarudi palepale.

Kuna swali linatangulia hata hilo, nalo ni je mashine ya zamani imekufa kweli? Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea na inaniuma sana. Mashine ya nje inanguruma kidogo haiwaki, unaambiwa kompresa imekwisha badilisha yote, kumbe mara nyingi ni kapasita tu, kale kakopo ka kusaidia mota kuanza kuzunguka, ambako ukikalinganisha na mfumo mpya ni hela ndogo sana. Muombe fundi akuonyeshe. Kapasita ina namba imeandikwa ubavuni, anaipima na mita mbele yako mnalinganisha. Kompresa kama imeungua ndani, anazima umeme, anachomoa waya zake, anagusisha mita kwenye kila terminali na kwenye mwili wa kompresa, na mita ikionyesha umeme unapita mpaka kwenye bati basi hapo kweli hamna cha kujadili. Hii ni kazi ya dakika chache. Vilevile ukiambiwa "gesi imeisha" kila msimu, ujue gesi hailiwi na mashine, inazunguka humohumo, ikipungua kuna mahali inavuja.

Tukirudi kwenye karatasi, nataka kuona modeli kamili ya mashine ya ndani na ya nje, siyo jina la kampuni tu. Nataka kuona aina ya gesi, maana R-22 inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na R-410A nayo inapunguzwa kwenye nchi nyingi kwa sababu joto inaloleta angani ni zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa, wakati R-32 ni kama mara 675. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa mashine ya gesi inayoondoka sokoni, hiyo nafuu utailipia siku ya kujaza gesi.

Alafu mabomba ya kopa: yanabadilishwa au yanatumika yaleyale, na kama ni yaleyale yatasafishwaje, kwasababu oili ya mifumo ya R-22 kwa kawaida haipatani na oili ya mashine za sasa. Wakati wa kuchomelea bomba, naitrojeni inapitishwa ndani taratibu, bila hivyo ndani kunafanya masizi meusi ambayo baadaye yanaenda kuziba njia. Baada ya hapo bomba linajazwa naitrojeni kwa presha na kuachwa kuona kama linavuja, ndo inafuata vakyumu pampu kunyonya hewa na unyevu mpaka mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) au chini yake. Anayeruka hatua hizi anamaliza mapema, na bei yake itakuwa ndogo kuliko ya mwenzake, hiyo ni lazima. Ndio maana kulinganisha jumla tatu bila kuona kazi iliyomo ndani ni kumuonea fundi anayefanya kazi vizuri.

Dakti (njia za kupitisha hewa), waya, breka na bomba la maji sitazisemea sana, ziwe zimetajwa tu.

Kuhusu kula umeme kidogo, piga hesabu usikubali maneno. SEER ni namba ya mashine inavyopoza kwa umeme inaokula, ikiwa kubwa inakula kidogo. Ukitoka SEER 10 kwenda 16, umeme wa kupoza unashuka kama asilimia 37 hivi. Kutoka 16 kwenda 20 ni asilimia 20, tena ya kile kidogo kilichobaki, kwahiyo kama unawasha miezi michache kwa mwaka ile nyongeza ya bei inaweza isirudi kamwe. Upande wa joto ni tofauti: hita ya waya inakupa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, hitpampu nzuri, yaani AC inayogeuzwa ilete joto ndani, inaweza kukupa kama tatu, ingawa nje kukiwa na baridi kali inashuka. Hapo mimi ningetoa hela.

Waranti iandikwe mara mbili, ya vifaa na ya ufundi, maana kompresa ya bure bila mtu wa kuifunga bure bado itakutoa jasho. Na malipo yasiishe kabla mashine haijawashwa na kupimwa ukiwepo. Akikwambia bei hii ni ya leo tu, mwache aondoke nayo, aliyeipima nyumba yako kwa haki namba zake zitakuwa zilezile hata wiki ijayo.